Wafilipino wa Japani: si wote walipitia baa

Mkuu uliyeanzisha uzi umeuliza mambo mawili. La kwanza, Wafilipino wamewezaje kujaa Japani, nchi inayosifika kwa kubana wageni. La pili, Wajapani wamewakubali kweli au wanawavumilia tu. Mchangiaji mmoja akakujibu kwa mstari mmoja: "Hao ni wa baa na ndoa za karatasi, hakuna cha ziada." Mimi nipo Aichi, mkoa wenye Wafilipino wengi kuliko mwingine wowote Japani. Nilianza kufanya nao kazi za usiku kiwandani tangu nikiwa mwanafunzi, na Jumapili nasali nao. Kwa hiyo nitajibu kwa urefu, mwenye haraka aruke.

Mwisho wa 2024 walikuwa zaidi ya 340,000, wakishika nafasi ya nne nyuma ya Wachina, Wavietinamu na Wakorea. Wanawake ni wengi kuliko wanaume kwa mbali. Ila ukiwachukulia kama jamii moja utapotea mapema. Wenyewe wakikutana, kitu cha kwanza wanachotaka kujua kuhusu mgeni ni viza yake, maana hiyo ndiyo inayoamua unalala wapi, unaweza kumwacha bosi mbaya au la, na mtoto wako atakuwa nani.

Huyo wa "ni wa baa" ana chembe ya ukweli, ila habari zake zimeishia 2005. Kuanzia miaka ya 1980 Japani ilikuwa inatoa viza ya burudani kwa wingi. Kwenye karatasi dada alikuwa mwimbaji au mcheza dansi. Serikali ya Ufilipino ilimfanyia majaribio na kumpa cheti cha usanii, na Japani ikakipokea. Akifika, kazi inakuwa kukaa na mteja, kummiminia pombe, kumwashia sigara, kuimba naye karaoke. Kabla baa haijafunguliwa anatakiwa atoke na mteja kwenda kula, kisha waingie naye baa pamoja. Idadi ya mitoko hiyo iliwekwa kila mwezi, na asiyeifikisha alikatwa mshahara. Mkataba ulikuwa wa miezi sita, pasipoti kwa bosi, na wengi mshahara walikabidhiwa siku ya kuondoka. Mwaka 2004 peke yake waliingia zaidi ya 80,000 kwa viza hiyo. Mwaka huohuo ripoti ya Marekani kuhusu biashara haramu ya binadamu ikaiweka Japani kwenye orodha ya nchi za kuangaliwa. Machi 2005 Japani ikaacha kukitambua kile cheti, na 2006 walioingia wakashuka chini ya 10,000. Biashara ile kubwa iliishia hapo. Baa za Kifilipino bado zipo, nenda Sakae hapa Nagoya usiku utaziona, ila wengi humo sasa ni wake wa watu au wakaazi wa kudumu ambao bosi hawezi kuwashika kwa viza.

Ndoa nyingi zilitoka huko baa, sikatai. Mwaka 2006 Wajapani zaidi ya 12,000 walioa Wafilipina ndani ya mwaka mmoja. Lakini ipo historia nyingine ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1985, mji mdogo wa Asahi mkoani Yamagata, kwenye mashamba ya tufaha na mpunga, ulikuwa na wakulima ambao hawapati wake kwa sababu mabinti wote wamekimbilia mijini. Manispaa ndiyo iliyosimamia mpango wa kuwaletea wachumba kutoka Ufilipino. Manispaa, wakuu, siyo dalali wa mtaani. Vijiji vingine vikaiga. Wanawake wale wakajikuta nyumba moja na mama mkwe, theluji mpaka dirishani, na jukumu la kuwauguza wazee mpaka siku ya mwisho. Hakuna baa hapo.

Sasa nije kiwandani, maana huko ndiko nilikowajua. Ni kiwanda cha bento, vile vyakula vya boksi vinavyouzwa madukani. Shifti inaanza saa nne usiku, kwa sababu kuanzia saa hiyo hadi saa kumi na moja alfajiri sheria inataka mshahara uongezwe asilimia 25, na kwa mtu anayelipwa kwa saa hiyo nyongeza ndiyo kodi ya nyumba. Unavaa nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni, yanabaki macho tu, unapitishiwa roli la gundi mwilini kuondoa nywele, kisha unasimama kwenye mkanda. Kila mtu ana kitu chake kimoja. Mimi nilipewa kachumbari ya njano, vipande viwili kila boksi. Kulia kwangu alisimama Mfilipina wa makamo ambaye kila mtu alimwita Ate, yaani dada mkubwa kwao. Mkono wa kushoto unaweka lile jani la plastiki la kijani, wa kulia unaweka kipande cha yai, mdomo chini ya barakoa unahadithia habari za mjukuu, na halikosi hata boksi moja. Msimamizi alikuwa kijana wa Kijapani, ila zamu iliendeshwa na Ate. Yeye ndiye aliyejua nani leo hatakuja, nani kagombana na nani ili wasiwekwe karibu, na nani mgeni atazimia saa tisa usiku asipopewa peremende.

Ate alizungumza Kijapani cha Nagoya kama bibi wa sokoni. Kusoma hawezi. Alisoma herufi nyepesi tu, kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, zikimshinda kwa sababu baa aliyoanzia haikumfundisha, mume hakuona haja, na mtoto alipokua akawa ndiye msomaji wa barua. Mtoto alipohamia Tokyo, zile bahasha za manispaa zikaanza kuja kiwandani ndani ya mkoba, na saa ya mapumziko nikawa namsomea mimi. Siku moja ikawa bahasha ya pensheni. Ndani kuna jedwali la miezi uliyochangia, na la kwake lilikuwa na matundu. Miaka ya baa haipo kabisa. Miaka ya ndoa ipo, kwa sababu mume alikuwa mwajiriwa wa kampuni na mke anayemtegemea anahesabiwa. Baada ya talaka, tundu tena, mpaka kiwanda kilipomwandikisha. Zamani ilibidi ufikishe miaka 25 ndipo upate senti, na kwa sheria hiyo asingepata kitu. Agosti 2017 Japani ilishusha hadi miaka 10, na kwa hesabu ile amevuka. Pesa yenyewe ni ndogo, haitoshi kuishi Nagoya. Ila aliikunja ile karatasi vizuri akaiweka kwenye pochi ya pasipoti, na shifti nzima hakunyamaza.

Nimetaja talaka. Hapa ndipo wengi wanapoumia, na kwa dada zetu wanaofikiria kuolewa nje ni somo. Japani, wawili wakikubaliana, talaka ni fomu moja unapeleka manispaa. Ufilipino, ukiwatoa Waislamu, haina talaka kabisa, nchi nyingine ya namna hiyo ni Vatikani. Kwa hiyo Mfilipina anaachika asubuhi Nagoya, na Manila bado ni mke wa mtu. Sheria ya familia ya kwao ya 1987 inaruhusu talaka ya nje itambuliwe, ila lazima upitie mahakama kule, utafute wakili, utafsiri nyaraka, usubiri. Tena zamani ilisomwa kwamba lazima mume mgeni ndiye aliyeomba talaka. Mahakama yao ya Juu ilibadilisha hilo Aprili 2018 ikasema hata mke akiiomba yeye inahesabika. Upande wa Japani nao, mwenye viza ya mke akikaa miezi sita bila kuishi kama mke pasipo sababu ya msingi anaweza kufutiwa. Kipigo kinahesabiwa ni sababu ya msingi, lakini nimewajua waliovumilia ngumi kwa kutolijua hilo. Ndiyo maana wakubwa wao wanawahimiza wadogo waombe ukaazi wa kudumu mapema. Kwa mke wa Mjapani, miaka mitatu ya ndoa ya kweli na mwaka mmoja mfululizo ndani ya nchi inatosha kuomba. Ukiwa nao, mume akikuacha unabaki na maisha yako.

Watoto nao. Uraia wa Japani unakwenda kwa damu, si kwa mahali pa kuzaliwa. Wapo waliozaliwa na mama Mfilipina na baba Mjapani wasiooana. Kama baba alimkubali mtoto angali tumboni, mtoto ni Mjapani. Ila zamani, akimkubali baada ya kuzaliwa, hakuwa Mjapani mpaka wazazi waoane. Watoto 10 wa namna hiyo walipeleka kesi, na tarehe 4 Juni 2008 Mahakama ya Juu ya Japani ikasema sharti hilo la ndoa linavunja katiba. Sheria mpya ikaanza Januari 2009. Kina mama wa Kifilipino ndio walioibeba kesi ile, na faida yake ni ya mtoto yeyote aliyekubaliwa na baba Mjapani, hata mama awe wa Tanga au Kisumu.

Kundi linalonigusa zaidi ni watoto walioachwa kwa bibi, kisha mama akawaita wakiwa na miaka 13 au 14. Anafika, mama ni kama mgeni kwake, baba wa kambo haongei, darasani haelewi neno, na mtihani wa kuingia sekondari ya juu uko mlangoni. Kwa mtoto wa kigeni elimu Japani ni haki lakini si lazima kisheria, kwa hiyo akiacha kwenda hakuna anayemfuata kwa nguvu. Uchunguzi wa wizara ya elimu wa 2019 ulikuta watoto wa kigeni zaidi ya 19,000, wa mataifa yote, ambao huenda hawakuwa shuleni. Wengine tunao kiwandani, wamevaa nyeupe pembeni ya mama zao.

Kuna wengine walioingia kwa ukoo. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani karibu 20,000 waliishi Davao, kusini mwa Ufilipino, wakilima abaka, ile mimea jamii ya mgomba inayotoa nyuzi za kamba. (Watu wa Tanga, huyo ndiye mpinzani wa mkonge wenu.) Wengine walioa wenyeji. Vita vilipokwisha wanaume wakarudishwa Japani, wake na watoto wakabaki, wakachoma nyaraka na kubadili majina kwa kuogopa kisasi. Sheria ya 1990 ilipowafungulia wajukuu wa Wajapani waje kufanya kazi, Wabrazili wenye asili ya Kijapani walikuwa na vyeti mkononi, hawa wa Davao walikuwa na hadithi za bibi tu. Waliofanikiwa kuthibitisha wako viwandani wengi, na wana kitu ambacho wengine hawana: ruhusa ya kufanya kazi yoyote.

Wauguzi na watunza wazee nitawapitia haraka maana wameandikwa sana. Walianza kuja 2009 kwa mkataba wa nchi na nchi, wakatakiwa kufaulu mtihani wa taifa wa Kijapani ndani ya miaka michache au warudi kwao. Mwaka 2010 wauguzi wa kigeni waliofanya mtihani chini ya mikataba hiyo walikuwa 254, wakafaulu watatu, Mfilipino mmoja. Baadaye mtihani ukalegezwa kidogo na viza nyingine zikafunguliwa, hasa ile ya ujuzi maalumu ya 2019.

Sasa swali la kukubaliwa. Nyumba za wazee Wafilipina wanapendwa kweli, wazee wanawauliza kwa majina. Shule za msingi nyingi zinawatumia kufundisha Kiingereza. Lakini dalali wa nyumba bado anakwambia kwa upole kwamba mwenye nyumba hataki wageni, na mtaani ukikosea siku ya takataka mfuko wako unarudishwa na karatasi nyekundu. Kwenye sumo, Takayasu na Mitakeumi wote wawili wana mama Wafilipina, wote walifika ozeki, cheo cha pili kutoka juu, na ukumbi mzima unawashangilia kama watoto wa nyumbani. Baba zao ni Wajapani. Mtoto wa Wafilipino wawili aliyezaliwa hospitali ya Nagoya na hajui Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, anatembea na kadi ya mgeni mfukoni. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba wamekubaliwa mmoja mmoja, kwa jina, na kama kundi bado.

Kanisani ndiko ninakoona hilo kwa uwazi. Wakatoliki wa kigeni Japani wanakadiriwa kuwa wengi kuliko Wajapani wenyewe. Parokiani kwetu misa ya asubuhi ni ya wazee wa Kijapani, watu wachache na kimya. Ya mchana ni ya Wafilipino, gitaa, watoto wanakimbia, na baada ya misa ukumbi unajaa tambi za pansiti na nyama ya adobo. Kulikuwa na mvutano wa muda mrefu kuhusu ukumbi kusafishwa na kufungwa kwa wakati. Wazee walibandika tangazo, kisha tangazo lenye picha, kisha wakaacha kusalimia. Kilichomaliza ugomvi ni umri: wazee hawawezi tena kupanda ngazi kubadili taa wala kubeba viti, na kina Ate wakachukua kazi hizo bila kikao. Desemba, zile misa tisa za kabla ya Krismasi ambazo kwao husaliwa alfajiri, hapa wanazifanya jioni kwa ajili ya shifti, na siku hizi safu ya mbele utawakuta wabibi wa Kijapani wawili watatu wakisubiri chakula cha baadaye.

Dada aliyeuliza kama njia ya Wafilipino inafaa kwa Mtanzania au Mkenya: kumbuka nyuma yao kuna serikali. Wana wizara kamili ya wafanyakazi wa nje iliyoundwa kwa sheria ya 2021, na ofisi Tokyo na Osaka zinazokagua mkataba kabla mtu hajapanda ndege. Wewe mkataba wako utaukagua mwenyewe, kwa hiyo anza na lugha, ukijumlisha kusoma. Wenye maswali ya karatasi za mtoto au viza ya ndoa ulizeni hapahapa kwenye uzi, msinifuate faragha, wapo wengine wenye swali hilohilo.