Je, Mungu Hawezi Kusamehe Bila Damu?

SWALI: Waraka kwa Waebrania 9:22 unasema kwamba pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo. Sisi wanadamu, pamoja na udhaifu wetu, husameheana bila kuchinja chochote. Iweje Mungu mwenye rehema asubiri damu imwagike ndipo asamehe?

JIBU: Ndugu msomaji, wengi hunukuu aya hiyo wakiruka neno "karibu" lililomo humo humo: katika Torati karibu vitu vyote husafishwa kwa damu. Walawi 5:11 inamruhusu maskini asiyeweza kupata hata njiwa alete unga kuwa sadaka yake ya dhambi, naye alisamehewa sawasawa na mwenye kondoo. Wala Mungu hana kiu ya damu. Katika Zaburi ya 50 anauliza kwa kejeli kama yeye hula nyama ya mafahali au hunywa damu ya mbuzi.

Damu ilikuwa na kazi gani, basi? Walawi 17:11 inajibu kwamba uhai wa mwili umo katika damu, na kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyewapa watu damu hiyo juu ya madhabahu ili kufanya upatanisho. Tazama nani anatoa na nani anapokea: Mungu ndiye anayetoa, nao watu wanapokea, kwa maana hapo ndipo mafundisho mengi ya mimbarani hupinduka.

Tazama pia Siku ya Upatanisho katika Walawi 16, ambapo mbuzi walikuwa wawili. Wa kwanza alichinjwa, na kuhani mkuu akaingia na damu yake nyuma ya pazia, akainyunyiza juu ya kiti cha rehema, yaani kifuniko cha sanduku la agano, na mbele yake, ili kupatakasa mahali patakatifu palipotiwa unajisi na makosa ya watu. Wa pili aliwekewa mikono miwili kichwani, dhambi zote za Israeli zikaungamwa juu yake, kisha akapelekwa jangwani akiwa hai. Kwa hiyo mbuzi aliyebebeshwa dhambi siye aliyechinjwa, jambo ambalo lingekuwa la ajabu kama damu ingekuwa adhabu tu.

Waebrania inamtangaza Kristo kuwa kuhani na sadaka kwa pamoja, aliyejitoa mara moja tu, kwa kuwa damu ya mafahali na mbuzi haiwezi kuondoa dhambi. Paulo naye anaandika kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Hasemi kwamba ulimwengu ulimtuliza Mungu aliyekataa kupatana.

Sikatai kwamba wapo wanaosisitiza kwamba Kristo alibeba adhabu yetu, nao wana Isaya 53, inayosema juu ya mtumishi aliyejeruhiwa kwa makosa yetu, ya kuegemea. Mwanateolojia Anselm wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11, alizungumzia heshima ya Mungu inayopaswa kurudishwa, na Waprotestanti wa karne ya 16 wakazungumzia hukumu iliyochukuliwa na mwingine. Kanuni ya Imani ya Nikea, ungamo la kale la imani ya Kikristo, inakiri kwamba Kristo alisulubiwa kwa ajili yetu, bila kufafanua ni kwa namna gani kifo hicho kinatuokoa.