Maswali ya Wasomaji: Vidukari Wamevamia Mawaridi

SWALI: Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, wamejaa kwenye mawaridi yangu. Nimenyunyiza dawa mara mbili. Hutoweka siku chache, kisha hurudi wengi kuliko mwanzo. Nasikia kuna wadudu wanaowala. Nitawapataje?

JIBU: Dawa imeua vidukari pamoja na walaji wao. Kidukari jike huzaa bila dume, na kukiwa na joto watoto wake nao huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Walaji hawaongezeki kwa kasi hiyo, kwa hiyo kila unaponyunyiza unawapa vidukari nafasi ya kutangulia.

Acha dawa. Wakizidi, wapige kwa maji ya mpira asubuhi, upande wa chini wa majani. Wachache wabaki, kwani mdudu-kibibi, yule mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, hutaga palipo na chakula cha watoto wake. Mayai yake ni ya manjano, yamesimama wima kwa kundi, mara nyingi chini ya jani.

Hapa ndipo wengi hukosea, na inasikitisha. Anayeanguliwa hafanani kabisa na mzazi: ni mrefu, mweusi, ana miguu 6, ngozi ya vinundu na madoa ya rangi ya chungwa, utadhani mamba mdogo. Watu humponda wakimdhania adui, ilhali yeye hula vidukari mamia kabla ya kukomaa. Mwache.

Tazama pia sisimizi wanaopanda shina. Hufuata majimaji matamu ya vidukari na huwafukuza walaji. Zungushia shina karatasi ngumu ya upana wa sm 5, ibane isiache mwanya, kisha paka mafuta mazito ya mgando upande wa nje tu. Tawi likigusa ukuta, wamepata daraja, likate.

Mwisho, panda giligilani na shamari kando ya mawaridi, uziache zichanue. Panda tena kila baada ya wiki 3 ili maua yasikatike: nzi-maua, ambao mabuu yao hula vidukari, huhitaji chavua na nekta.

SWALI: Nimewawekea nyuki beseni la maji, lakini wanazama.

JIBU: Tumia sahani pana yenye kina cha sm 3, ujaze kokoto zinazochomoza juu ya maji wapate pa kutua. Badilisha maji kila baada ya siku 2 na usugue kingo, maana mayai ya mbu hunata hapo.