Nairobi hadi New York: mama atakaa hewani saa ngapi?

Dada, ukiangalia tiketi ya mama, kati ya kuondoka na kufika zinaonekana saa saba tu; zisikudanganye. Muda unaoandikwa ni wa mahali husika: kuondoka ni saa za Nairobi, kufika ni saa za New York. Kutoka JKIA (uwanja wa ndege wa Nairobi) hadi JFK (ule wa New York) ni kama kilomita 11,800, na ndege ya moja kwa moja hutumia karibu saa 15.

Piga hesabu. Akiruka saa tano na nusu usiku, anatua saa nane na nusu mchana za kwetu. Majira ya baridi New York iko nyuma kwa saa nane, kwa hiyo kule itakuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Majira ya joto wanasogeza saa mbele, tofauti inabaki saba.

Kurudi ni nafuu kidogo, kama saa 14, kwa sababu juu ya Atlantiki kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki na unaisukuma ndege. Wakati wa kwenda, ndege inapambana nao.

Tiketi ya kupitia Doha au Amsterdam ni habari nyingine: ukijumlisha na kusubiri, saa 20 zinapita kirahisi. Kwa mtu mzima mwenye magoti ya kuuma, mimi ningelipia ya moja kwa moja. Na mchukulie kiti cha pembeni mwa njia, aweze kuinuka kujinyoosha bila kumwamsha jirani.