Randa ya hospawa 3 kwenye soketi ya ukutani

Umeuliza kama randa ya umeme ya hospawa 3, ile mashine ya kulainisha mbao, unaweza kuichomeka kwenye soketi ya ukutani. Hapana ndugu yangu, usiichomeke kwenye soketi ya kawaida, na ekstensheni ndiyo kabisa. Mota hiyo ni kama kilowati 2.2, kwa volti 230 inavuta ampea 13 hadi 15 ikiwa kazini, na inapoanza kuzunguka, kwa muda mfupi ampea hizo hupanda hadi mara 5 ya hapo au zaidi. Soketi yako mwisho wake ni ampea 13. Utaona plagi inageuka kahawia kwenye pini, ukiigusa ina moto.

Fundi umeme mwenye leseni akuvutie laini ya peke yake toka meni swichi, waya wa milimita 4 za mraba, breka ya aina C, ile inayovumilia mruko mfupi wa umeme mota inapoanza. Waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ufungwe kwenye bodi ya mashine yenyewe. Usikubali urukwe, hata fundi akikuambia mashine inazunguka vizuri bila huo.