Ukitaka kuielewa keneli, anza na ya mwaka 1975

Wanaoniuliza waanzie wapi kujifunza keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachogawa prosesa, memori na vifaa kwa programu, huwa nawaambia waiache Linux kwanza. Ina zaidi ya mistari milioni 30, mingi ikiwa draiva za vifaa ambavyo hutavigusa maishani, na ukiifungua huoni pa kushika. Tafuta mfumo endeshi wa Unix, Toleo la Sita la Bell Labs, lililotoka 1975. Keneli yake yote haifiki mistari 10,000. Unaisoma mpaka inaisha, na hilo pekee linabadilisha namna unavyofikiri.

Mimi huiendesha ndani ya SIMH, emuleta inayoigiza PDP-11, kompyuta ya zama hizo, huku msimbo nimeufungua pembeni. Lugha yake ya C itakukera mwanzoni: penye += wao waliandika =+. Jicho huzoea.

Usianze na faili ya kwanza. Nenda moja kwa moja kwenye sleep na wakeup, funksheni za kulaza na kuamsha michakato, yaani programu zinazoendeshwa. Mchakato unaosubiri diski huita sleep na kutaja anwani fulani ya memori, ambayo hapo ni alama tu ya kitu kinachongojewa. Diski ikimaliza, wakeup hupitia jedwali zima la michakato, nafasi 50, na kuamsha kila uliolala kwa alama hiyo. Ikiamka kumi na bafa (kipande cha memori cha kushikia data ya diski) ni moja, mmoja unapata, tisa inarudi kulala. Kwa nafasi 50 nani atajali? Kwenye seva yenye maelfu ya michakato ni balaa, na ndiyo maana Linux ililazimika kuongeza njia ya kuamsha mmoja tu.

Sasa tazama pengo dogo lililopo hapo. Mchakato umekagua, umekuta kitu hakijawa tayari, lakini haujalala bado. Diski inamaliza sekunde ileile na kuamsha. Hakuna aliyelala, mwito unapotea, kisha mchakato unalala usiamke tena. Unix hii inaziba pengo kwa kupandisha kipaumbele cha prosesa ili intarapti ya diski, yaani ishara yake ya kuikatiza prosesa, ingoje kidogo. Prosesa ni moja, kwa hiyo inatosha. Fungua basi xv6, ambayo MIT waliiandika 2006 kwa ajili ya wanafunzi kwa kufuata ramani hiyohiyo, ila kwa prosesa nyingi: sleep yake inadai upitishe na kufuli, yaani alama inayoruhusu mmoja tu kugusa data kwa wakati mmoja, kwa sababu kuzuia intarapti kwenye prosesa yako hakumzuii aliye kwenye prosesa ya jirani. Ziweke funksheni hizo mbili ubavu kwa ubavu. Kwangu mimi, hapo ndipo suala la kufuli lilipoacha kuwa la kukariri.

Baada ya hapo ipitie AmigaOS ya 1985, mfumo endeshi wa kompyuta za Amiga. Programu zake hutumiana ujumbe kwa kupeana anwani tu, bila kunakili chochote, ndiyo maana ilikuwa nyepesi vile. Gharama yake: memori haina ulinzi, programu moja ikiharibu, mashine nzima inaanguka. Ukishaliona hilo, ule ubishi wa 1992 kati ya Andrew Tanenbaum, mwandishi wa MINIX, na Linus Torvalds wa Linux kuhusu mikrokeneli (keneli ndogo zinazoacha huduma nyingi kwa programu za nje zinazotumiana ujumbe) utausoma kwa jicho jingine, na utaelewa kwa nini L4, mikrokeneli ya Jochen Liedtke, ilihangaikia kasi ya ujumbe kiasi kile.

MS-DOS iruke. Msimbo wa matoleo yake ya zamani uko wazi, ila kwa mtu anayetafuta keneli hauna mengi.

Na usiishie kusoma. Nakili diski yako ya SIMH, shusha NPROC, idadi ya nafasi za jedwali la michakato, kutoka 50 hadi 5, jenga keneli upya, kisha jaribu kukompaili kitu: cc, kompaila ya C, inaweza kukosa hata nafasi ya kuzaa mchakato wake. Kumbuka kuikompaili upya na ps, amri ya kuorodhesha michakato, maana husoma jedwali hilo moja kwa moja kutoka memori ya keneli na ukubwa wake imeubeba tumboni.