Kuhama Nyali si dawa

Ndugu mgeni wetu, umeuliza kama uhame Nyali, hapa Mombasa, kwa kuwa mshahara wako wa dola hautoshi tena na maandamano yanakutia hofu. Mimi nisingehama. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika takriban shilingi 160 za Kenya, kisha mwaka huohuo ikashuka hadi karibu 129, ilhali kodi yako ya nyumba, unayolipa kwa shilingi, ilibaki palepale. Basi mwombe mwajiri akulipe sehemu ya kodi kwa shilingi. Mboga nunua soko la Kongowea alfajiri, malori yakiwa bado yanashusha, wala usione haya kuomba nyongeza kwenye fungu la nyanya. Siku ya maandamano usivuke daraja la Nyali kwenda mjini, na simu ya kupigia picha ibaki mfukoni.