Barua kwa mwanangu: wakwe zako na mji wa Würzburg

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia hapa Mwanza, na nimefurahi kusikia kwamba utawapeleka wakwe zako Würzburg, mji wa Ujerumani uliokulea. Umeniuliza uanze na kasri la Residenz au ngome ya Marienberg, kwa kuwa mtakuwa na siku moja tu. Mimi nakuuliza kwanza mtakwenda mwezi gani, maana mji haujulikani kwa majengo yake bali kwa yale ambayo watu wake huyakumbuka pamoja.

Bibi wa ghorofa ya chini hujamsahau, najua. Mwaka wetu wa kwanza pale, tarehe 16 Machi, saa tatu na dakika ishirini usiku, kengele za makanisa yote ya mji zililia kwa wakati mmoja. Nilidhani kuna moto, nikakubeba mgongoni na kushuka ngazi mbio, nikamkuta amesimama mlangoni kwake amevaa koti, taa za ndani zimezimwa. Kijerumani changu kilitosha kununulia mkate tu, kwa hiyo alinishika mkono akaukaza, asiuachie mpaka kengele ziliponyamaza. Baadaye nilielewa kwamba hulia dakika ishirini kwa sababu usiku kama ule, mwaka 1945, ndege za Waingereza zilitumia muda kama huo kuuteketeza karibu mji wote wa kale, na watu wapatao 5,000 wakafa. Yeye alikuwa msichana mdogo. Mama yake alimfunika blanketi lililoloweshwa maji, wakakimbilia mto Main. Mkono ule bado unaniuma.

Hata hivyo, nikisema hivyo najibishana mwenyewe. Vita vile vilianzishwa na nani? Kuanzia mwaka 1941 Wayahudi wa mji huohuo walisombwa kwa treni kupelekwa kuuawa, na hawakupigiwa kengele. Ndiyo maana nataka mkishuka stesheni msimame kwanza pale nje, kwenye sanamu za masanduku na mabegi yasiyo na wenyewe, kumbukumbu iliyowekwa mwaka 2020. Nakwambia tena, mji ni yale watu wake wanayoyakumbuka pamoja, na pia yale waliyochelewa kuyakumbuka.

Residenz nayo nendeni, sikatai. Paa la msanifu majengo Balthasar Neumann juu ya ngazi kuu lilistahimili moto ule, na mchoro wa mabara manne uliochorwa darini na Mwitaliano Tiepolo ukapona. Mwonyeshe baba mkwe wako Afrika, mwanamke aliyeketi juu ya ngamia, yule uliyeniuliza kwa sauti kubwa, mbele za watu wote, kwa nini hafanani na shangazi. Nilicheka hadi mlinzi akatugeukia.

Julai kuna sherehe ya Kiliani, jua na vyakula, na kwenye daraja la kale watu husimama na glasi za mvinyo kati ya sanamu za watakatifu. Wageni wengi wangependa Julai. Hao ni wakwe zako na siku ni yako, sitakuamulia, ingawa miji yetu hii, Mwanza na Würzburg, imekuwa ndugu tangu 1966 na undugu hauishii kwenye sherehe. Mkichagua Machi, mtafutie mama mkwe wako koti zito na viatu visivyoteleza, na mlale palepale mjini, kwa sababu kengele hulia usiku.

Mama yako